Kengele ya Mzee Lupembe

Kazi niliipata kwa sababu ya mdomo wangu. Nasema hivyo bila haya, maana wapo wanaodhani niliombewa na mtu. Siku hiyo nilikuwa nimepanga vyungu vya mama yangu ufukweni hapa Ikombe, nikingoja wanunuzi kutoka ng'ambo, na karibu na mitumbwi aliketi msichana mmoja na mtoto mchanga mapajani. Msichana alikuwa akitazama maji. Mtoto alikuwa akinitazama mimi, macho kodo. Nikamwambia, we bwana mdogo, unataka chungu? Hiki cha maharage, hiki cha pombe, lakini cha pombe ngoja kwanza uote meno. Akatoa sauti. Nikamjibu. Akatoa nyingine, ndefu kuliko ile ya kwanza. Basi tukaendelea kupatana bei, mimi na yeye, mpaka nikasikia mtu amesimama nyuma yangu.

Alikuwa Sista Mkuu wa misheni, Mdachi, yaani Mjerumani, mrefu, aliyevaa kitambaa cheupe kichwani jua na mvua. Hakunisalimu. Aliniuliza kama yule mtoto ni ndugu yangu. Nikasema simjui, wala mama yake simjui. Akaniambia nimalize kuuza vyungu, kesho yake asubuhi nifike misheni.

Ninyi wasichana wa kazi hii mnaonisoma leo, mliofundishwa darasani na mkapewa vyeti, msije mkafikiri tulikuwa na jina la kazi hii. Hatukuwa nalo. Watu waliniita "yule wa kusemesha watoto," wengine wakicheka. Ilikuwa enzi za Mdachi, kabla ya vita ile ya kwanza, na wasichana waliolewa wangali wadogo, wengine hata matiti hayajakaa vizuri. Walijifungua misheni kama uzazi ulikuwa mgumu, halafu Sista akawaweka siku kadhaa katika nyumba ndefu ya udongo iliyoitwa nyumba ya wazazi. Mtoto alioga, alinyonya, kitovu kilikauka vizuri. Lakini siku yangu ya kwanza nilipoingia humo niliwakuta wasichana wameketi ukutani, kila mmoja na mtoto wake, na nyumba nzima nilisikia mawimbi ya ziwani tu.

Sista akaniambia, "Hawa watoto hawaumwi. Wamenyamaziwa. Anza."

Alikuwa mtu wa maneno machache hivyo. Nikaanza.

Wale wasichana hawakuwa wabaya, wala hawakuwachukia watoto wao. Walikuwa watoto wenzao. Nilipomwambia mmoja amwongeleshe mwanawe, alinijibu kwamba mtu anayesema na asiyeweza kujibu ni kichaa au mchawi, na yeye si kimoja wala kingine. Wengine waliona aibu. Wengine walikuwa wamechoka tu, na aliyechoka husimami mbele yake ukamhubiria. Kwa hiyo sikuwahubiria. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na sisi Wakisi tunafinyanga kwa mikono mitupu, tukizungusha chungu ndani ya kigae. Nikawaletea udongo. Mtoto mgongoni ndani ya mbeleko, udongo mkononi, na sharti langu moja: kila unalolifanya, mwambie aliye mgongoni. Sasa naponda. Sasa natia maji, yamezidi, ona mama yako alivyo mzembe. Mwenye kazi mkononi haoni aibu sana kusema peke yake.

Kazi yenyewe niliigawa mara tatu, na maneno nikayatoa kwenye nyimbo zetu. La kwanza ni kuita: unamwita mtoto, unamtazama usoni, unamwambia neno. La pili ni kungoja. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, hata ninyi wa leo. Unafunga mdomo wako, unampa zamu yake, hata kama zamu hiyo ni kupiga chafya. La tatu ni kupokea, kama kiitikio kinavyopokea wimbo: sauti yoyote atakayotoa unaichukua, unamrudishia kana kwamba amesema jambo la maana. Kuita, kungoja, kupokea. Sista alipokuja kukagua hakuingia ndani. Alisimama nje ya ukuta, akafumba macho, akasikiliza. Tukijua yupo, wasichana walisema sana. Naye alijua wanajua, kwa hiyo alikaa mpaka wachoke kujionyesha. Kisha akasikiliza kilichobaki.

Nilifanya kazi Ikombe miaka kadhaa nikawa stadi, na najua nilikuwa stadi. Udongo uwahi ungali maji, wazee walisema, na mimi niliuwahi. Halafu nikahamishiwa Ngana.

Ngana ni bara, upande wa mto Songwe, migomba na mpunga, na watu wake ni Wanyakyusa wenye ng'ombe. Nilikwenda kwa mtumbwi mpaka Mwaya, kisha kwa miguu, nimejitwisha sanduku langu. Mkuu wangu mpya alikuwa Bwana Mchungaji, mzee wa Kidachi mwenye ndevu, mpole, ambaye hakuelewa hata chembe nimekuja kufanya nini. Alinipa chumba nyuma ya shule akaniambia watoto wa Ngana wanajifunza kusema bila kufundishwa tangu dunia iumbwe. Nikamjibu kwamba ni kweli, Bwana, wanajifunza kwa wanaosema nao, na wako wasiosemeshwa. Akacheka, akaniambia nimwonyeshe mmoja.

Kumwonyesha haikuchukua muda. Msichana aliitwa Tusekile. Mume wake alikuwa amechukuliwa na boma kubeba mizigo, safari ya mbali, na kwa kuwa yeye alikuwa mdogo na uzazi wa kwanza, mama mkwe wake alimchukua akae nyumbani kwake. Hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Kwa Wanyakyusa vijana hujenga mbali na baba zao, na sababu moja ni hii: mke hapaswi kukutana na baba mkwe. Wanaita *ukutila*, yaani kumwogopa mkwe kwa heshima. Hamtazami, hamwiti jina, akimwona njiani anaingia porini mpaka apite. Hata neno linalofanana na jina lake halitamki. Baba mkwe wa Tusekile alikuwa Mzee Lupembe, basi yule msichana hata pembe ya ng'ombe hakuitaja, aliita "kile kilichoota kichwani." Na sasa alikuwa akiishi uwanja mmoja na mzee huyo.

Mtoto wake alikuwa wa kiume, mnene, safi, ameshaanza kutembea. Hakuwa akisema kitu. Si "juba," ambalo ndilo mama kwa Kinyakyusa, si "tata," yaani baba, si hata zile kelele za watoto za kujifurahisha. Nilimpigia makofi nyuma ya kichwa, akageuka. Masikio yalikuwa mazima. Ulimi nao ulikuwa mzima, niliutazama mwenyewe.

Mama mkwe alinieleza mambo yalivyo, na hakunificha. Mtoto alikuwa amepewa jina la babu yake, Lupembe, kama desturi. Mzee alikuwa ametamka mbele ya ndugu zake kwamba jina lake halitabebwa na bubu. Mume akirudi baada ya mavuno ya mpunga, ndugu watakusanyika. Mtoto akiwa bado hasemi, ataitwa jina lingine na kulelewa na bibi yake, na Tusekile atarudishwa kwao. "Mimi nampenda huyu binti," mama mkwe aliniambia, "lakini mzee akishasema, amesema."

Nikaanza na Tusekile kama nilivyoanza na wote. Nilimpa udongo, nikampa mchele wa kupepeta, nikamchukua mtoni kufua. Alifanya kila nilichomwambia, isipokuwa kile kimoja. Nilipomwambia mwite mtoto, midomo ilicheza bila sauti. Nilipomwambia mtazame usoni, alimtazama sikioni. Lakini alimbeba vizuri, jamani! Alimkanda, alimfunika na jua kwa jani la mgomba, alimtafunia ndizi. Siku nilipomkaripia kidogo aliinama akalia kimyakimya, hata kilio chake hakikuwa na sauti. Nikaona hapa mbinu zangu zimegonga mwamba, na sikupenda.

Sista Mkuu alifika Ngana katika mzunguko wake wa vituo. Nikamweleza kwamba nina msichana ambaye hasemi na mwanawe, nimejaribu kila njia.

Akaniuliza, "Husema na watu wengine?"

Nikasema ndiyo, anasema na mimi, anasema na mama mkwe, kisimani anataniana na wenzake.

"Basi usiniambie hasemi, Atuganile. Niambie hasemi wapi, na mbele ya nani."

Nikakasirika, maana ilikuwa kweli. Nilikuwa nikimpima mama na mtoto, sikuwa nimepima kilichokaa katikati yao. Siku iliyofuata nikamchukua Tusekile mbali, ng'ambo ya mashamba, ambako hata mbwa wa kwa mkwe wake hasikiki. Mtoto tukamketisha kwenye majani. Nikamwambia hapa baba mkwe hayupo, sauti yako haitamfikia hata ukipiga kelele. Mwite mwanao.

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mjinga. "Mama, hayupo wapi? Si huyu hapa."

Akanionyesha mtoto.

Nilimwomba aniambie taratibu. Siku mtoto alipopewa jina, mama mkwe alimfunga mgongoni mwa Tusekile akacheka, akamwambia, haya binti, kuanzia leo unambeba baba mkwe wako, ujue kumbeba. Na kila siku bibi huyo alimchukua mjukuu akimwita "mume wangu," kama mabibi wanavyotania wajukuu kote nchini. Tusekile alikuwa na umri wa kuchezea vibuyu. Hakuna aliyemwambia utani unaishia wapi na mwiko unaanzia wapi. Akaamua mwenyewe: aliyepewa jina ni yule yule. Hatamwita, hatamtazama machoni, hatamsemesha. Alikuwa amemnyonyesha mwanawe miezi yote hiyo huku akigeuza uso, kwa adabu.

"Natamani kumwita," aliniambia. "Usiku akilala nafungua mdomo, halafu naogopa. Nikimkosea heshima akafa je?"

Machozi yalinitoka palepale, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Sasa, ningeweza kumwambia kwamba ni upuuzi. Bwana Mchungaji nilipomsimulia alitaka kwenda kumwambia hivyo mwenyewe, kwamba mwiko wenyewe ni giza la kale na auache. Nikamsihi asiende. Msichana aliyenyamaza kwa kuogopa mtoto asife hanyamazi zaidi ukimwongezea hofu ya pili? Bwana Mchungaji alifikiri, akavuta ndevu, akasema, "Nani basi anaweza kumfungua?" Nikamwambia, aliyemfunga. Sikuwa na maana ya bibi na utani wake. Nilikuwa na maana ya mwenye jina.

Mimi sikuwa mkwe wa Mzee Lupembe, niliweza kumkabili. Nilimkuta kwenye nyumba ya ng'ombe, akifagia mwenyewe, maana mzee yule ng'ombe wake hakuwaachia watu. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuamrisha, vijana walimpisha njia nzima. Nikapiga magoti. "Ugonile, tata." Akaitikia, akaniuliza mwanamke wa kusemesha watoto anataka kusemesha ng'ombe? Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya mkwe wake. Akageuza uso, kwa kuwa hata kumsikia akitajwa kulimpa haya. Lakini hakuniambia niondoke. Nikamweleza yote, yeye akiendelea kufagia.

Niliposema kwamba msichana anamgeuzia mtoto uso kwa sababu ya heshima yake yeye, alicheka kwanza, kicheko kikubwa. Kisha akaacha kucheka. Akaegemea ukuta. Alikaa muda mrefu, nami nikafanya kazi yangu: nikangoja.

"Mwiko wangu sitauvunja," alisema. "Na neno nililotoa mbele ya ndugu zangu silirudishi, litasimama mpaka siku yake. Lakini huyo mtoto siye mimi. Mwambie mama yake hivyo, mwambie nimesema mimi. Ampe jina lake la kunyonyeshea, alipendalo, amwite hilo."

Nikamshukuru, ndaga, tata. Nikamwambia limebaki moja. Uwanja ni mmoja, na Tusekile hajui wakati gani mzee yuko nyuma ya nyumba, wakati gani yuko malishoni, kwa hiyo kutwa nzima ananong'ona. Mtoto hajifunzi kwa minong'ono.

Mzee akanitazama. Akaenda kwa ng'ombe wake mkubwa, yule aliyewaongoza wenziwe, akamfungua kengele ya shingoni. Akaifunga kwenye fimbo yake.

"Ikilia karibu, anyamaze. Ikilia mbali, aseme anavyotaka."

Ninyi hamjui jambo hilo lilimgharimu nini. Mtu mzima, mwenye mji wake, anapita kijijini akilia ngele ngele. Kwenye pombe walimwuliza kama ameanza kutoa maziwa. Watoto walimfuata nyuma wakilia moo. Mzee hakueleza mtu, wala fimbo hakuiacha nyumbani hata siku moja. Mtu niliyemdhania mkaidi nilimpenda kuanzia hapo.

Tusekile alimpa mwanawe jina la Ambwene, yaani Ameniona. Siku ya kwanza alimtazama usoni, mtoto akashtuka, akageuka kutafuta anatazamwa nani. Kisha akamwita. Sauti ilitoka imekauka. Nikamfundisha kungoja, nikamfundisha kupokea, na baada ya wiki chache sikuwa na la kumfundisha, nilikuwa na kazi ya kumnyamazisha ili mtoto apate zamu. Alimweleza habari za kuku, za mvua, za baba yake aliko na mzigo gani amebeba. Kengele ikikaribia, alimwekea mtoto kidole midomoni, akamnong'oneza, "Tulia, anakuja," wakaingia ndani. Ikipita, wakatoka wakaendelea walipoishia. Mtoto akaanza kutoa kelele, nyingi, za kila namna. Neno lakini, hakutoa. Mpunga ukaiva. Ukavunwa. Nilikuwa na uhakika na kazi yangu, ila uhakika wangu haukuwa na faida kama mtoto hana haraka.

Mume akarudi, amekonda, ana nguo mpya. Ndugu wakakusanyika uwanjani kwa mama mkwe, nami nikaalikwa nikakaa upande wa wanawake. Tusekile alikuwa ndani, nyuma ya mlango, kama ilivyopasa. Mtoto alipakatwa na bibi yake. Wakamwita, wakamwonyesha ndizi, baba yake akamwonyesha kofia. Alitazama watu wale wote, akafumba mdomo kama kobe. Kaka mmoja wa mzee akasema, basi, mmeona. Mama mkwe akaanza kulia. Kule ndani nilisikia Tusekile akivuta pumzi.

Hapo ndipo kengele iliposikika. Mzee alikuwa akija kutoka kwa ng'ombe wake, kuja kusikia mwenyewe kabla ya kukata neno. Ngele, ngele, mpaka kwenye migomba ya uwanjani.

Mtoto alijinasua mapajani kwa bibi yake. Alikimbia kwa miguu yake mifupi mpaka mlangoni, akaweka kidole midomoni, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Juba, tulia. Anakuja."

Mzee Lupembe alikuwa amesimama pale pale kwenye migomba, fimbo mkononi. Aliwatazama ndugu zake mmoja mmoja, halafu uso wake ukavunjika, sikujua anacheka au analia, nadhani yote mawili.

"Mmemsikia," alisema. "Basi mimi naondoka, wapate kuzungumza."

Akageuka akarudi alikotoka, akiikung'uta fimbo kwa nguvu kuliko siku zote, ili aliye ndani ajue anakwenda mbali.

Baada ya hapo Bwana Mchungaji hakuniuliza tena nafanya kazi gani. Vita ilipofika kwetu na Wadachi wakaondoka, Sista Mkuu alichukuliwa kwa meli pamoja na wengine. Niliwahi Mwaya kumuaga. Hakunikumbatia, hakuwa na desturi hiyo. Aliniambia niendelee kusikiliza nje ya ukuta, na nisiingie mapema. Nimefanya hivyo chini ya wakuu wengi waliofuata, wazuri na wa ovyo, Waingereza na watu wetu wenyewe, mpaka miguu ilipokataa.

Mnaniuliza nini kimebadilika. Nyumba zimebadilika, dawa zimebadilika, na wasichana wanaozaa wangali watoto bado wapo, msijidanganye. Mkimkuta aliyenyamaza msimwite mvivu. Tafuteni amenyamaza mbele ya nani, halafu mwendeeni huyo, hata kama ana sauti kubwa na ng'ombe wengi. Mara nyingi naye hajui.

Juzi Tusekile alikuja kunitembelea hapa Ikombe. Ni bibi sasa, Ambwene ana watoto, na mdogo wao alikuwa mgongoni kwake. Nilikuwa nimeketi nyuma ya ukuta wa jiko langu nikipepeta mchele. Nilimsikia kabla sijamwona, tangu kule wanakoegesha mitumbwi: anamwambia mtoto hili ndilo ziwa, vile ni vyungu, huyo bata ana haraka ya nini, anaacha kidogo, mtoto anasema lake, naye anapokea. Ungo niliuweka chini polepole usitoe sauti. Sikumwita. Nilifumba macho nikawasikiliza mpaka walipofika mlangoni.